Nani Alionja Kwanza?

Haya niliyasema Tanga, kwenye mahafali ya wasusi na wapambaji wa maharusi. Nimeombwa niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa kile kipande umeme ulipokatika tukaingia kwenye habari za mpira.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo wanangu?

Mama mwenyekiti kanipa dakika ishirini, kisha akaniangalia kwa lile jicho la kusema mzee, pilau iko jikoni. Nimemwelewa.

Nianze na jambo lililotokea hapo nje wakati wa chai. Mmoja wenu, simtaji, kaniletea chupa ya shampuu. Akaigeuza. Kule nyuma chini, karibu na ile mistari ya kusomwa na mashine, pana kipicha cha sungura anaruka. Akaniuliza, "Babu, hii ina mafuta ya sungura?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la akili. Chupa ya mafuta ya nazi ina picha ya nazi. Ya parachichi ina parachichi. Kwa nini yenye sungura isiwe na sungura?

Basi jibu ni kwamba picha ile inasema kinyume: hakuna sungura aliyeguswa. Na mtu akikuapia kuwa yeye hakumgusa fulani, ujue huko nyuma kuna walioguswa.

Mama yangu, Mungu amrehemu, akipika mchuzi alikuwa anachota kwa mwiko, anadondosha tone kwenye kiganja, anaonja. Hatukuwahi kuwekewa sahani kabla kiganja chake hakijapata habari. Kiwandani hakuna kiganja cha mama. Lakini kila kilichomo kwenye mikoba yenu hiyo, wanja, rangi ya nywele, dawa ya kulainisha, kuna aliyekionja kabla yenu. Mimi nimekuja kuuliza alikuwa nani, na kama kuna mtu alimuuliza kwanza.

Huyu wa kwenye chupa nitawaeleza alifanywa nini, na ninaomba mnivumilie kwa sababu mnaenda kula. Mwaka 1944 mtaalamu wa sumu wa serikali ya Marekani, John Draize, na wenzake walichapisha utaratibu wa kupima kama kitu kinaunguza macho. Unachukua sungura mweupe, wale wenye macho mekundu. Unavuta ukope wa chini mpaka unafanya kama kijaluba. Unatia sehemu moja ya kumi ya mililita, kama matone mawili hivi, ya kile unachokipima. Unafumba jicho kwa sekunde moja, unaachia. Jicho la pili huligusi, hilo la kulinganishia. Kisha unachungulia: baada ya saa 1, saa 24, saa 48, saa 72, na ikibidi unaendelea mpaka siku ya 21. Unatoa maksi kama mwalimu. Kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kimeingia ukungu kiasi gani, wekundu, uvimbe, majimaji yanayotoka. Maksi za juu kabisa ni 110, na 80 katika hizo ni za kioo cha jicho peke yake. Kwa miaka mingi mara nyingi ilifanyika bila ganzi. Na shingo ilibanwa kwenye sanduku ili miguu ya mbele isifike usoni, maana mnyama mwenye pilipili jichoni jambo la kwanza ni kusugua, kama wewe na mimi.

Kwa nini sungura? Machozi yake ni machache kuliko yetu, kwa hiyo dawa haioshwi upesi. Jicho ni kubwa, linaonekana vizuri. Mpole, anazaa, hana gharama. Na ni nadra kumsikia akilia. Sisi tumekua na hadithi ambamo sungura ndiye mjanja wa pori zima, anampiga chenga fisi, anamtumbukiza simba kisimani. Kwenye lile sanduku hapakuwa na fisi wa kudanganywa.

Sasa msiwalaani wale watu haraka. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuwalaani, nikaja kujifunza walikotokea.

Mwaka 1933 huko Marekani kulikuwa na rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Unaenda saluni kama hizi zenu, unapakwa, unatoka na macho meusi ya kuvutia. Wanawake wakaanza kuvimba macho, kutoka vidonda, wengine wakapofuka, na angalau mmoja akafa. Serikali ilikaa mikono mitupu, kwa sababu sheria yao ya chakula na dawa ya 1906 haikuvihusu vipodozi kabisa. Miaka minne baadaye, 1937, kampuni moja ikachukua dawa nzuri ya kuua vijidudu, sulfanilamidi, ikataka iwe ya maji. Ikaiyeyusha kwenye dietilini glikoli, ikaitia ladha ya matunda, ikaiuza. Hakuna aliyeijaribu kama ina sumu, si kwa panya wala kwa paka. Watu zaidi ya 100 wakafa, wakiwemo watoto wengi. Mwaka uliofuata, 1938, sheria ikabadilishwa na vipodozi vikaingizwa.

Kwa hiyo jicho la sungura halikuzuka kwenye vichwa vya wachawi. Lilianzia kwa mwanamke aliyetoka saluni akiwa hajui kuwa ule ndio mwisho wa kuona. Mnaona kwa nini nimetaka kuyasema haya mbele yenu hasa, na si mbele ya madaktari.

Na ile rangi iliyokuwa ndani ya Lash Lure jina lake ni parafenilinidiamini. Ndefu, najua. Wanaifupisha PPD. Mnaifahamu vizuri sana, maana ndiyo inayokaa ndani ya ile poda nyeusi ya nywele mnayoikoroga kwa maji mkaiita piko.

(Hapa ukumbi ulinyamaza kidogo. Nikaacha unyamaze.)

Binti yangu wa pili alipoolewa, Alhamisi usiku alikuja mpambaji nyumbani. Mtu mzuri, fundi kwelikweli, mkono mwepesi. Alichora kuanzia vidoleni mpaka juu ya viwiko, na miguuni. Hina kidogo ya kujazia, piko kwa mistari. Mke wangu alipiga vigelegele. Binti alikuwa amewahi kupakwa piko mara moja kabla, harusi ya shoga yake, na hakudhurika. Ijumaa mchana mikono ikaanza kumwasha. Jumamosi asubuhi kila mstari ulikuwa umeinuka. Nataka mlione: malengelenge yalifuata mchoro. Kila ua, kila jani, kila kikonyo, kimejaa maji, kama mtu aliyetarizi kwa moto. Alikaa kwenye jukwaa na glavu nyeupe za kuazima, watu wakasema bibi harusi wa kisasa.

Daktari wa ngozi alituambia kitu nilichopaswa kukijua, maana nimefanya kazi maabara maisha yangu yote. Ile mara ya kwanza haikuwa salama, ilikuwa utambulisho. Mwili ulimwona mgeni, ukaandika jina lake. Mara ya pili ukamkamata. Na hausahau. Mpaka leo binti yule hawezi kupaka rangi ya nywele, mvi zimeanza na anazifunika kwa kilemba. Mpambaji alikuja nyumbani, akalia. Hatukumwambia neno, kwa sababu tungemwambia nini? Hakuna aliyemfundisha.

Nileteeni hiyo boksi ya rangi pale mezani. Ahsante. Miwani yangu... Hii hapa, maandishi madogo kuliko sisimizi. Inasema ufanye jaribio la ngozi kabla, na inasema usipake kwenye kope wala nyusi, kufanya hivyo kunaweza kusababisha upofu. Onyo hili mnalitupa na kifuniko. Asili yake ni ile sheria ya Marekani ya 1938, iliyotaka boksi la rangi ya nywele ya namna hii libebe maneno ya jinsi hii. Yule mwanamke wa Lash Lure yumo humu, kwenye boksi la Tanga, anawaambia kitu kwa herufi za sisimizi.

Na hakuwaambia yeye tu. Mwaka 1969 Magnusson wa Sweden na Kligman wa Marekani walichapisha kipimo cha mzio kwa kutumia simbilisi. Wale wadogo wasio na mkia, watu wa Iringa na Mbeya wanawajua, watoto wanawafuga jikoni. Anachomwa sindano ya kile kitu, anabandikwa, anaachwa wiki mbili, kisha anabandikwa tena upande mwingine kuona kama mwili umeandika jina. Kwa kipimo cha namna hii PPD ilijulikana kuwa miongoni mwa vitu vikali kabisa vya kuleta mzio. Kwa hiyo tulishajua. Simbilisi walishalipa bei. Mwanangu hakupaswa kulipa tena.

Nitoke kidogo nje ya njia, halafu nirudi. Huyu Albert Kligman, tangu 1951 mpaka 1974, alikuwa na maabara nyingine ambayo wanyama wake walikuwa na majina. Gereza la Holmesburg, mji wa Philadelphia. Wafungwa, wengi wao watu weusi, walipakwa mgongoni shampuu, krimu, marashi, na vitu vibaya zaidi ya hivyo, hata dioksini, sumu kali ya viwandani, kwa malipo ya dola chache. Wakitembea bila shati unaona mgongo una viraka vya mraba. Sisi tuna msemo, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Holmesburg inanifanya niuangalie msemo huo upya, kwa sababu kumbe wapo binadamu ambao wenzao walishawatia kwenye fungu la nguruwe. Ndiyo maana mtu akiniambia "tuache wanyama, tujaribu kwa watu wa kujitolea", nauliza haraka: watu gani? Wenye njaa? Walio ndani?

Haya, nirudi. Mimi nani mpaka nisimame hapa? Nilikuwa fundi kwenye kituo kimoja cha utafiti wa mbu. Kazi yetu ilikuwa kupima vyandarua vyenye dawa. Chandarua ni bidhaa kama shampuu, kuna kiwanda, kuna mauzo, kuna tangazo. Na chandarua nacho kina aliyekionja kwanza.

Kikishindwa kipimo cha mwanzo, kile cha kuwaweka mbu juu ya kipande cha chandarua kwa dakika chache, kinapelekwa kwenye sanduku refu la kioo. Urefu sentimita 60. Kwenye theluthi ya urefu huo unaweka kipande cha chandarua umekitoboa matundu tisa, kila tundu sentimita moja. Upande huu unaachia mbu jike 100 wenye njaa. Upande wa pili kuna simbilisi, amebanwa asizunguke. Saa kumi na mbili jioni unazima taa, saa tatu asubuhi unarudi kuhesabu: wangapi wamepita, wangapi wamekunywa damu, wangapi wamekufa. Chandarua kibovu, simbilisi anaamka na pua na masikio yamevimba. Chandarua kizuri, anaamka na njaa yake tu.

Nilikuwa na mmoja, dume la madoa ya kahawia. Ukiingia na mfuko wa majani, ukichakarisha tu mfuko, anapiga mluzi. Si kwa mwingine, ni kwa mfuko. Lakini nilijidanganya kuwa ananipenda, na mtu akimlisha mnyama miaka mitatu haachi kujidanganya. Tulikuwa na zamu, aliyelala kwenye kioo leo kesho halali. Jioni nikimtoa kwenye banda kumpeleka, alikuwa hapigi mluzi. Nilijiambia ni kwa sababu mikono haina majani.

Na usiku mwingine chambo nilikuwa mimi. Tulikuwa tunakaa kwenye vigoda nje ya nyumba za watu, suruali imekunjwa mpaka magotini, tochi mkononi, na bomba la kioo lenye mpira. Mbu akitua mguuni, kabla hajang'ata, unamvuta kwa mdomo anaingia kwenye bomba. Ndiyo, kwa mdomo, kuna wavu katikati, msikunje sura. Lakini mimi nilielezwa hatari, nikapewa dawa ya kinga ya malaria, nikatia sahihi, na mwisho wa mwezi nilikuwa na posho. Kazi ileile, mbu walewale. Tofauti kati yangu na yule wa madoa ilikuwa karatasi moja yenye sahihi. Nimeifikiria karatasi ile kuliko kitu chochote katika kazi yangu.

Je, ninajuta? Hapana. Watafiti waliopiga hesabu ya Afrika walikadiria kuwa kati ya 2000 na 2015 kinga na tiba ziliepusha visa milioni 663 vya malaria, na zaidi ya theluthi mbili ni kazi ya vyandarua. Mimi nimezika mtoto wa dada yangu kwa malaria, kwa hiyo mbele ya namba hiyo sitasimama kumtetea simbilisi. Lakini sijuti si sawa na kusema nina haki. Nadhani nilikopa kitu kwa asiyeweza kukataa kukopwa, na nafuu yangu ni kwamba kilichonunuliwa kilikuwa kikubwa.

Kuna mtu kule nyuma anatikisa kichwa. Namjua anachowaza. Babu, alfajiri tumechinja kuku ishirini kwa ajili ya pilau hii hii, sasa unatulilia sungura wa Marekani?

Swali zuri. Aliyechinja kuku wale alinoa kisu wapi? Kando. Kwa nini kando? Kwa sababu tumefundishwa mnyama asione kisu kinanolewa, asione mwenzake anachinjwa, na kisu kiwe kikali amalize mara moja. Hakuna aliyetufundisha kuwa kuku ni mtu. Tulifundishwa kwamba ukimhitaji mchukue, lakini una deni la kumfupishia. Na mashekhe waliopo watanisahihisha: yule mwanamke wa paka tunayesimuliwa hakuingia motoni kwa kumpiga paka jiwe akafa. Alimfungia. Hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Kosa lilikuwa kumfungia. Nikisoma utaratibu wa sanduku na siku 21, nauona mlango ule ule umefungwa. Na ndani yake hakuna malaria. Kuna wanja mpya wa kushindana na wanja wa zamani ambao hauna kasoro yoyote.

Hapo ndipo mimi nimesimama, na mnaweza kunipinga kwenye pilau. Dawa, chanjo, chandarua: bado sithubutu kusema hapana, ila kwa masharti yale waliyoyaandika Waingereza wawili, Russell na Burch, mwaka 1959. Kwanza tafuta njia isiyo na mnyama. Ukiikosa, tumia wachache kadiri iwezekanavyo. Na hao wachache wapunguzie maumivu. Pale kazini tulipoanza kuwalisha mbu wa kufuga kwa damu ya ng'ombe iliyopashwa moto nyuma ya utando mwembamba, sungura waliokuwa wananyolewa mgongo kwa kazi hiyo walipumzika. Mbu hawakulalamika. Kumbe miaka yote tungeweza, hatukuwa tumejisumbua.

Lakini urembo? Urembo hauna tena udhuru, na aliyeuvua udhuru huo hakuwa mwanasayansi. Henry Spira alikuwa baharia, akawa mwalimu wa shule New York. Tarehe 15 Aprili 1980 alitoa tangazo la ukurasa mzima kwenye New York Times, akiuliza Revlon, kampuni ya vipodozi, inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Hakuishia kutukana. Aliwaambia watoe pesa za kutafuta njia nyingine, na haikupita muda mrefu wakatoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller. Mwaka uliofuata, kwa pesa za wenye viwanda vya vipodozi, kikaanzishwa kituo cha kutafuta mbadala huko Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mtu mmoja mwenye mshahara wa ualimu. Nampenda kwa sababu alijua kuwa aibu peke yake haimwokoi sungura, lazima kuwe na kipimo kingine cha kuweka mahali pa jicho lake.

Na vipimo vikapatikana. Kimoja ninyi mnakipika supu. Macho ya ng'ombe kutoka machinjioni, ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa kwa nyama: wanatoa kile kioo cha mbele, wanakitia dawa, kisha wanapima mwanga unapita kiasi gani na rangi inavuja kiasi gani. Jicho la kuku nalo hutumika hivyohivyo. Na ngozi ya mtu inaoteshwa kwenye vikombe vidogo kutokana na chembe za watu wenyewe. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama kuanzia tarehe 11 Machi 2013. India ikafuata 2014. China, iliyokuwa ikidai majaribio hayo kwa kila kipodozi cha nje, ililegeza kwa bidhaa za kawaida kuanzia Mei 2021. Mianya ipo bado, hata huko Ulaya, kwa kemikali zinazopita kwa sheria nyingine. Lakini wanawake wa Paris hawajaacha kujipamba.

Sasa mtu asiondoke hapa akidhani nimemwambia anunue chupa yenye sungura basi amemaliza. Sungura yule anasema jambo moja tu, kwamba hakuguswa. Hasemi kama ndani mna zebaki. Na kuchora sungura si kazi ngumu, aliyeweza kughushi jina la kampuni atashindwa sungura?

Sokoni kwetu tatizo ni kubwa zaidi ya sungura. Ile mikorogo. Haikujaribiwa kwa simbilisi, wala jicho la ng'ombe, wala ngozi ya kwenye kikombe. Mtu kachanganya kwenye ndoo, hidrokwinoni ya huku, krimu ya zebaki ya kule, katia kwenye kopo jeupe. Zote mbili zimekatazwa kwenye vipodozi nchini kwa miaka mingi, na zebaki dunia nzima imekubaliana kuiondoa, inajulikana inavyoharibu figo. Anayeonja ni dada anayekuja kwako Jumamosi na elfu tano. Mimi nikisikia mfanyabiashara wa mkorogo anasema "bidhaa zetu hazijajaribiwa kwa wanyama", namwamini kabisa.

Wala si kwamba mnyama angetuokoa kila mara. Ile dietilini glikoli ya 1937, mnaikumbuka? Mwaka 2022 huko Gambia watoto karibu 70 walikufa kwa figo baada ya kunywa dawa za kikohozi zilizokutwa na sumu hiyo hiyo. Hapo hakukukosekana panya wa kujaribia. Dunia ilikuwa inajua miaka themanini na mitano. Kilichokosekana ni mtu wa kupima kilichomo kabla hakijamiminwa kwenye chupa, kipimo cha maabara kisichohitaji mnyama hata mmoja. Hiki ndicho kinachonikera kuliko sanduku la Draize. Kumuumiza kiumbe ili ujue, kisha usijisumbue kujua.

Nimeona mkono. Sema mwanangu.

(Aliuliza: "Babu, mteja amekuja saa kumi jioni, harusi kesho, anataka nyeusi. Nikimwambia hina, anaenda kwa jirani. Nifanye nini?")

Ahsante, hilo ndilo swali la leo. Kwanza ujue unachokiuza. Hina ya kweli ni kahawia ya wekundu, na inataka kulala nayo, saa sita, saa nane. Inayotoka nyeusi tii ndani ya nusu saa si hina, hata kama kopo limeandikwa hina. Huko Ulaya PPD inaruhusiwa kwenye nywele tu, isizidi asilimia 2 inapofika kichwani. Kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Kwa hiyo mteja wa saa kumi mpake hina, mpe ndimu na sukari apakie juu, mfunge nailoni, alale nayo, asubuhi itakuwa imeiva. Atakuwa na maua mekundu kama bibi yake. Wa kusuka na rangi ya nywele, mpake tone nyuma ya sikio siku mbili kabla, na kama hana siku mbili, mwambie hana siku mbili.

Akienda kwa jirani? Ataenda. Jirani naye yumo humu ukumbini, nimewaona mnatazamana. Zungumzeni leo kabla ya pilau, mkubaliane bei na mkubaliane rangi, asiwepo wa kukimbiliwa.

Mama mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeambiwa baada ya chakula mtaonyesha kazi zenu, na mnatafuta mtu wa kuchorwa. Mkono huu hapa, nimekwisha kunja shati. Nimekagua makopo yenu, lile la kijani ndilo hina, lile jeusi liacheni kwenye boksi. Nichoreni chochote, ila lisiwe ua la kike sana, mama yenu nyumbani ataniuliza nilikuwa wapi.